Kisu cha shangazi, mafiga matatu na antena ya redio

Kwenye meza za kupaa samaki kule Igombe, Mwanza, kisu hakikai na mwenyewe. Unakiweka chini dakika moja uhesabu chenji ya mteja, ukigeuka unakuta kingine: mpini ule ule mweusi wa plastiki, urefu ule ule, bei ile ile ya dukani, ila butu kama kijiko. Chako kiko meza ya tatu kinafungua sangara wa watu. Ukimfuata aliyekichukua anakutazama usoni, anakuuliza, "Kina jina?"

Shangazi yangu yuko kwenye meza hizo tangu mimi niko darasa la nne. Ada yangu ya chuo cha ufundi ilitoka kwenye magamba, wala sioni aibu kuisema. Mwaka jana akanipigia simu kulalamika: kisu cha tano kimeondoka, na mwaka haujafika hata katikati. Nikamwambia, shangazi tulia, nitakutengenezea cha kwako peke yako. Nilipotamka hayo nilikuwa nimeshamaliza wiki mbili nikiangalia video za Wamarekani wanaofua visu kwa mkono, kwa hiyo kichwa kilikuwa kimejaa. Nilitaka chuma cha tabaka kinachotoa mawimbi kama maji. Nilitaka mpini wa pembe, shaba, nakshi ya majani mgongoni, na jina lake kwenye bapa. Bajeti yangu ilikuwa laki moja.

Mimi ni fundi redio na simu hapa mjini. Kufua chuma sijui. Anayejua ni mzee mmoja wa Igoma (Igoma, siyo Igombe, msije mkapotea kama bodaboda wangu wa siku ya kwanza), mwenye karakana ya mabati nyuma ya wauza vyuma chakavu. Kazi zake za kila siku ni shoka, mundu, na kunyoosha majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Nikamwonyesha video. Akaangalia moja mpaka mwisho, akanirudishia simu, akasema, "Huyu ana umeme mwingi sana."

Kwenye chuma hakunipa nafasi ya kuchagua. Springi ya lori, basi. Nilipomsumbua tena na chuma cha tabaka aliniuliza kama najua wazee wa kwao Uzinza walikuwa wanakitoa chuma kwenye mawe, na majembe yao yakilipwa mahari hadi Usukuma na Unyamwezi. Hilo nilikuwa nimelisikia. Nikaongezea langu ili nisionekane mjinga: kwamba mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery, watafiti wa Marekani, waliandika kuhusu wahunzi wa Buhaya, upande wa magharibi wa ziwa, kwamba walikuwa wakipata chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita kwa kupuliza tanuru hewa iliyokwisha kupata moto kwenye mirija ya udongo. Mzee akasikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Sasa kama sisi tulikuwa na hicho, wewe unataka mawimbi ya nini?"

Habari ya kuchoma, kugonga na kuzamisha kwenye oili chafu naipita, maana sikuwa naruhusiwa kusogea. Ila kuna jambo moja nililijua nikiwa nimechelewa, na litarudi mbele. Matundu ya ribiti, vile vijiti vya chuma vinavyoshikilia mpini, kwenye msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, yanatobolewa kabla kisu hakijakomazwa. Kikishatoka kwenye oili, chuma kinakuwa kigumu na drili inalia tu juu yake. Kwa hiyo ukiagiza kisu, lazima ujue mapema ribiti zitakaa wapi. Mimi nilisema mbili, moja mbele moja nyuma, kama nilivyoona kwenye video. Mzee akatoboa mbili.

Sasa mpini. Hapa ndipo nilipofanya ujinga wangu mkubwa, na niliufanya kwa hiari yangu.

Nilitaka pembe. Mimi Msukuma, shangazi Msukuma, ng'ombe ndiyo utajiri wetu, pembe ingekuwa na maneno yake. Mzee akaniambia pembe za ng'ombe wetu hawa wa huku ni fupi, na karibu pembe yote ni uwazi. Nyama ya kuchongea iko nchani tu, inatosha kifungo. Ukitaka vipande viwili vya kubandika pande mbili za kisu, unahitaji pembe ya ng'ombe wale wa Ankole, zile ndefu zinazoenda juu kama matawi. Nikaagiza kwa dereva wa lori anayeenda Karagwe. Ilipofika nilikaa nayo kibandani siku tatu nikiigeuza kwenye mwanga. Ndani ya weusi wake ilikuwa na michirizi ya rangi ya maziwa yaliyomwagikiwa chai. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo kinachotoka kwa mnyama.

Mzee aliichemsha, akaipasua, akaibana kwenye jiliwa ikiwa ya moto mpaka ikanyooka, akaiacha wiki nzima imebanwa. Alipoanza kuisugua msasa karakana nzima ikanuka nywele zilizoungua, maana pembe ni kitu kilekile cha kucha na nywele. Mbwa wa jirani wakaja wawili, wakakaa mlangoni wanameza mate. Mzee akanitazama. "Umeona? Hata hao wanajua kwamba hiki ni chakula."

Sikusikia. Na kabla sijaendelea, lazima niseme la siku hiyohiyo. Alipita kijana mmoja, akaona tunachofanya, akainama kwa sauti ya chini: ana jino la kiboko, jeupe, linang'aa kuliko mfupa wowote, angetuuzia bei nzuri. Mzee hakumjibu hata neno. Aliinua nyundo, akaelekeza barabarani. Kijana akaondoka. Baadaye mzee akanieleza kwamba jino la kiboko, kama la tembo, ni nyara za serikali. Ukikutwa nalo bila kibali, unasomewa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 na kesi ya uhujumu uchumi, na hakuna atakayekuuliza kama ulitaka mpini tu. Ukitaka kitu cheupe, alisema, nenda buchani ukaombe mfupa wa muundi wa ng'ombe. Uchemshe mpaka mafuta yatoke yote, maana mafuta yakibaki utanuka milele, kisha ukitaka uwe na rangi ya zamani uuloweke kwenye majani ya chai. Nimeshaujaribu kwa kisu changu kidogo cha kumenyea nyaya, na unapendeza kweli. Lakini kwa shangazi tayari nilikuwa na pembe yangu ya Karagwe, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kunitoa hapo.

Nikampelekea kisu Igombe. Wanawake wote wa meza ile walikishika. Wiki ya kwanza nilikuwa shujaa.

Wiki ya nne akanipigia. "Baba, kisu chako kinapumua."

Nilipokwenda nikaelewa. Pembe iliyokuwa imenyooshwa kwa moto ilikuwa inakumbuka ilikotoka. Kutwa kwenye maji na mafuta ya sangara, jioni juani juu ya bati, na taratibu ilikuwa inarudi kujikunja. Upande wa nyuma ulikuwa umenyanyuka kutoka kwenye chuma kama ukucha unaotaka kung'oka, na katikati ya ufa huo kulikuwa na kitu cha kijivu nisichotaka kukieleza. Ukibana mpini, unatoa povu. Kutu ilikuwa imeshaanza kula msuka. Shangazi alikuwa amekifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na kwa adabu yake alikifungua kabla sijafika ili nisione. Niliuona ule mpira umeanikwa kwenye msumari.

Nikarudi Igoma nikiwa mdogo. Mzee hakusema "nilikwambia." Aliuliza tu, "Mwenyewe yuko wapi?" Mwenyewe nani? "Mwenye mkono. Siku zote unakuja wewe. Wewe unashika bisibisi."

Basi Jumatatu moja shangazi akafika Igoma, amevaa kitenge cha kwendea harusini. Mzee akamwamkia, wakaulizana koo na vijiji kwa nusu saa, na ikabainika kuna mtu wameoana naye mahali fulani huko Sengerema. Kisha akampa kile kisu, chuma kitupu bila mpini, amekizungushia kitambaa. "Mama, paa samaki."

Hakukuwa na samaki. Shangazi akapaa hewa. Na nilivyomwangalia nikagundua kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa sijawahi kuitazama mikono yake ikifanya kazi. Hashiki kisu kwa namna moja. Akiparua magamba anakigeuza, anatumia mgongo, kidole gumba kiko juu ya bapa. Akipasua tumbo la sangara anakibana kwa vidole vitatu karibu kabisa na makali, kwa sababu ndani kuna bondo, kile kifuko cha hewa cha samaki, na bondo likitobolewa bei yake inaanguka. Kuna siku hilo bondo peke yake, likishakaushwa kwenda kwa Wachina, linampa tajiri hela kuliko minofu. Akikata kichwa anakamata nyuma kabisa na kugonga. Mishiko mitatu ndani ya samaki mmoja. Na mimi nilikuwa nimemchorea mpini wenye vijishimo vinne vya vidole, kama wa kisu cha sinema, ambao ungemlazimisha mshiko mmoja tu. Mchoro nikaukunja, nikautia mfukoni.

Mzee akamuuliza anataka mpini wa rangi gani. Akasema rangi haimhusu. Anataka kitu kimoja: saa kumi na moja alfajiri mitumbwi inapoingia na umeme haupo, akipapasa mezani ajue ni chake kabla hajakiona. "Na mtu akikichukua, nikisema ni changu, asiwe na la kunijibu."

"Basi tuandike jina," nikasema. Nilikuwa nimejiandaa. Kwa fundi redio hiyo ni kazi nyepesi: unapaka bapa rangi ya kucha, unachora herufi kwa sindano mpaka chuma kionekane, unafunga waya wa chanya wa betri ya pikipiki kwenye kisu, wa hasi kwenye pamba yenye maji ya chumvi, unagusagusa. Chumvi na umeme vinakula chuma palipochorwa tu. Nilikuwa nimebeba hadi chupa ya rangi ya kucha, nyekundu. Shangazi akakataa. Kisu kinanolewa, alisema. Mwaka huu jina liko katikati ya bapa, miaka mitatu ijayo liko kwenye makali, mwaka wa tano limeliwa na kinoo. Na tena, jina aliloachiwa na bibi yake halitakiwi kuoga damu ya samaki kila siku. Rangi ya kucha akaichukua.

Kisha akasema, akionyesha kwa vidole vitatu juu ya meza ya mzee: "Nitilie mafiga."

Nilipenda wazo hilo papo hapo, nikakasirika kwamba siyo langu. Ribiti tatu, siyo kwenye mstari kama visu vyote vya dunia, bali zimekaa pembetatu kama mawe ya jikoni. Mtu gani wa Kanda ya Ziwa atakayepapasa mafiga asiyajue?

Mzee hakupenda. Ribiti zikikaa karibu karibu katikati, alisema, ncha mbili za mpini zinabaki bila kushikwa, zitanyanyuka kama pembe ilivyofanya. Akapendekeza kuzitawanya: mbili mbele, moja kule nyuma. Akachora kwa chaki. Shangazi akautazama mchoro. "Hayo siyo mafiga. Hao ni watu watatu wamegombana."

Suluhisho lilikuwa palepale kwenye chuma. Yale matundu yangu mawili ya zamani, la mbele na la nyuma, yalikuwa bado yapo. Mzee akaamua ayatumie kwa siri: vijiti vyembamba vya shaba vinavyoshika ncha zote mbili, vimezamishwa kidogo ndani ya mti, juu yake vimezibwa kwa vumbi la mti huohuo lililokandwa na gundi. Havionekani. Kazi vinafanya vyenyewe, na mafiga yanakaa katikati. Tatizo likabaki lile nililolitaja: chuma kimeshakomaa, matundu matatu mapya yatatobolewaje? Alizamisha upande wa makali kwenye ndoo ya maji, akaupasha msuka peke yake kwa moto wa gesi mpaka ukawa na wekundu hafifu, akauacha upoe kwa wakati wake. Makali yakabaki magumu, msuka ukalainika. Vichwa viwili vya drili vilikufa hata hivyo. Nilivilipia.

Mti tulikubaliana ni mpingo. Mninga unapendeza na unachongeka kwa raha, wala sisemi vibaya juu yake, lakini kwa mtu anayekaa ndani ya maji kutwa nilitaka mti usiokunywa. Mpingo ni mzito hata ukiutupa majini unazama. Ndio huo wanaotengenezea klarineti huko Ulaya. Na siyo mti wa kuchezea: unachukua miaka 70 hadi 100 kukua wa kutosha, na tangu Januari 2017 mpingo na ndugu zake wote wamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hauvuki mpaka bila karatasi. Kwa mpini mmoja sihitaji kukata mti. Nilihitaji kipande cha sentimita 13.

Nikakinunua kwa muuza vinyago mmoja mjini: mguu wa mnyama uliovunjika, mweusi tii, shilingi elfu nane. Nikaenda nao nyumbani, nikautia kwenye ndoo ya maji ili nijifurahishe kuona ukizama.

Ukaelea.

Niliusukuma chini kwa kidole kama mtu anayemsaidia. Ukapanda tena. Maji yakaanza kuwa na rangi, na kitambaa nilichoufutia kikanuka rangi ya viatu. Ndani ulikuwa mweupe kama muhogo. Sijui ulikuwa mti gani, na muuzaji sikumrudia, kwa sababu angeniuliza fundi mzima nimetapeliwaje na kiwi. Kipande cha kweli nilikipata baadaye kupitia mchongaji mwenyewe, masalio ya kazi, na huyu hakukipaka kitu: nje kilikuwa na tabaka la manjano hafifu, ndani weusi wenye zambarau kwa mbali. Nikataka tuliache lile tabaka la nje liwe mstari wa urembo. Mzee akalikata lote. Lile ndilo linaloliwa na wadudu na kunywa maji, alisema, mti wenyewe ni ule mweusi.

Urembo mmoja tu niliugombania mpaka nikaupata, na sina hoja yoyote ya kuutetea zaidi ya kwamba niliutaka. Ribiti zenyewe. Wale watu wa video hutia ribiti zenye picha ndani, ukizitazama kwa juu unaona ua au nyota, na huzinunua tayari. Mimi nikazitengeneza. Antena ya redio ile ya kuvuta, ukikwangua ile ngozi yake inayong'aa, chini ni mrija wa shaba ya njano. Nilichagua pingili ya milimita tano. Ndani nikapanga vipande vya waya wa taa namba 1.5, shaba nyekundu, saba: mmoja katikati, sita kuuzunguka. Nawaambia wenzangu mnaoshika nyaya, jaribuni. Nyaya za unene mmoja, sita zinakaa kuizunguka moja barabara, bila pengo wala kubanana, utadhani mtu alizipimia. Kisha gundi ya mirija miwili iliyochanganywa na masizi ya kibatari, ukaimimina ndani taratibu huku unagongagonga viputo vitoke. Siku ya pili unakata kwa msumeno mwembamba. Kila pande inatoa ua lilelile: pete ya dhahabu, weusi, na nukta saba nyekundu.

Niliporudi Igoma na maua yangu matatu kwenye kiganja mzee aliyaangalia kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia ile video.

Kati ya chuma na mpingo nikatia tabaka jembamba la kijani. Mzee alitaka jekundu, akashika kipande cha ndoo ya plastiki, lakini mwenyewe akakitupa: gundi haishiki plastiki ya ndoo, inabanduka kama ganda. Nikampa ubao wa saketi wa king'amuzi kilichokufa, nimeshaukwangua shaba yote. Ule ubao ni nyuzi za kioo zilizoganda kwenye gundi. Haunywi maji, hauvimbi, na gundi unaipenda. Ila vumbi lake ni baya, usilivute. Tuliusugua ndani ya maji, barakoa usoni, na mpingo pia hivyohivyo, maana vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Ukikitazama kisu kwa mgongo sasa unaona mweusi, kijani, chuma, kijani, mweusi. Shangazi hakuwahi kulitaja hilo la kijani, kwa uzuri wala kwa ubaya.

Nakshi ya majani mgongoni ilikufa. Mgongo ndio anaoparulia magamba, na kila kijishimo cha jani kingejaa mafuta na kunuka. Mzee akamkatia vijino vinane vya mviringo karibu na ncha tu, kina cha milimita moja, hapo pa kuparulia, na mahali pa kidole gumba akapaacha laini. Ncha yenyewe akaiviringa kidogo isiwe sindano, kwa ajili ya bondo.

Mwisho nilitaka mpini ung'ae. Mpingo ukisuguliwa msasa wa juu kabisa unatoa kioo unachoweza kujionea meno. Mzee akaishia msasa namba 240, akaupaka nta ya nyuki ya Tabora, akasema kioo ni cha ukutani. Mkono wenye mafuta ya sangara unateleza kwenye kioo. Nilikubali huku moyo unauma. Zile ribiti aliziacha zichomoze juu ya mti unene wa karatasi, kingo zimelainishwa.

Jumla yake, pamoja na pembe, mguu wa mnyama bandia na vichwa vya drili, ilivuka ile laki yangu kwa mbali. Sitaitaja kwa sababu mke wangu anasoma hapa.

Nilimkabidhi alfajiri, mezani. Alifumba macho, akakipapasa, kidole gumba kikatua juu ya mafiga moja kwa moja. "Wabeja sana, baba." Akakitia kazini palepale, hakunipa hata muda wa kupiga picha nzuri. Miezi minne sasa hakijapumua. Kimepotea mara moja, kutwa moja, kikarudishwa na mtoto wa meza ya pili aliyetumwa na mama yake, maana kila mtu pale anajua mafiga ni ya nani. Jirani yake naye anataka kama hicho. Shangazi amemkatalia alama hiyo, atafute yake, na sasa huyo mama ananipigia mimi. Nimemwambia afikirie nyota au jembe.

Kuna jambo nilikuwa sijamwambia shangazi. Redio yake, ile ya kusikilizia taarifa ya habari, aliniletea tangu masika, na kila akiniuliza nilikuwa namjibu nasubiri spea. Ukweli ni kwamba ilishindikana, na ilikuwa imekaa rafuni kwangu na antena nzuri isiyo na kazi.

Juzi alikuja mjini kufuata dawa ya macho, akapita kibandani bila kupiga simu. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Macho yake yakapanda rafuni, yakaiona redio, yakatua kwenye lile tundu lilipokuwa antena. Hakusema kitu. Akafungua mkoba, akatoa kisu kilichofungwa kwenye kanga, akauweka mpini kando ya redio, akaangalia huku, akaangalia kule.

"Kwa hiyo baba," akasema, "hiki sasa kinashika stesheni gani?"

Spea nimeagiza. Safari hii kweli.